Pacha kwa Penseli

Kijana wa udahili aliisukuma fomu kunielekea kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani iliyoletwa kwenye meza isiyo yake.

“Mama, hapa hujajaza.”

Alikuwa rika la binti yangu. Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa ya watoto waliomaliza shule juzi, vichwa vimeinamia simu. Jina la kozi nilikuwa nimekwisha kuliandika kwa herufi kubwa, nisije nikajificha nyuma ya mwandiko mbaya: SHAHADA YA MIFUMO YA HABARI YA KOMPYUTA. Kijana alilisoma, akanitazama, akalisoma tena.

“Una hakika, mama? Wengi wa umri wako huchukua malezi ya watoto. Ni chumba cha pili hapo.”

“Wa umri wangu tumekwisha kulea,” nikamwambia. “Nipe kalamu.”

Kisanduku kilikuwa kimoja. Eleza kwa ufupi kwa nini umechagua kozi hii. Mistari miwili. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, na mkono ukagoma. Nilisikia harufu ya kamba za katani, katika ofisi ambayo haikuwa na kamba hata moja.

Nilikuwa karani wa masijala ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Masijala yetu ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja la kupokelea watu na rafu za chuma zilizofika darini. Mafaili tuliyafunga kumi kumi kwa kamba. Mgonjwa alitaja jina dirishani, nami nikaingia rafuni nikatoka na maisha yake yote kwapani. Ilikuwa kazi ya vumbi na kikohozi, lakini sikuwahi kuiona ndogo. Madaktari walikuja na kuondoka. Sisi tulibaki, na tulijua nani alikatwa nini, na nani akipewa dawa gani anavimba uso.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja tuliyemwita Bi Penseli, kwa sababu penseli yake ilikaa nyweleni mwaka mzima, hata harusini. Lipo neno moja lililokuwa lake. Watu ni wengi na majina ni machache. Yako majina ukiyaita sokoni wanageuka wanne. Basi wagonjwa wawili wakifanana majina yote matatu, lao, la baba na la babu, Bi Penseli aliandika kwenye pembe ya kila faili neno moja: pacha. Si pacha wa tumbo. Maana yake ilikuwa simama hapo, yuko mwingine. Kabla faili hili halijafika kwa daktari, muulize mtu huyu jina la mama yake.

“Kwa nini usiandike kwa kalamu?” nilimuuliza siku za mwanzo.

“Kalamu inaapa,” akasema. “Penseli inaonya tu. Na mmoja akifa, aliyebaki si pacha tena. Unamfutia.”

Alistaafu, kisha akafa, na faili lake mwenyewe nililipeleka kwenye rafu ya marehemu kwa mikono yangu. Neno lake likabaki. Halikuwamo katika mwongozo wowote wala halikupigwa muhuri na mtu. Nililijua mimi na mwenzangu mmoja, mpaka mwenzangu akahamishwa, nikalijua peke yangu. Hilo lilinifurahisha kuliko linavyopaswa kumfurahisha mtu mzima.

Jozi moja niliipenda kuliko zote. Dada yangu mkubwa alikuwa na jina moja na fundi cherehani aliyeshona sare za wauguzi wetu. Walizaliwa mwaka mmoja pia. Dada ana ugonjwa wa moyo uliotokana na maradhi ya koo ya utotoni, na kila wiki ya nne huchomwa sindano ya penisilini; faili lake lilikuwa nene kama tofali. Fundi hakuwa mtu wa kuugua. Faili lake lilikuwa na kurasa sita, lakini juu ya jalada daktari mmoja wa zamani alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: PENISILINI HAPANA KABISA. Alichomwa akiwa msichana, koo likafunga, wakamrudisha kwa shida. Dawa iliyomweka hai mmoja ndiyo iliyokuwa inaweza kumuua mwenzake, na kati yao palikuwa na neno la herufi tano kwa penseli.

Fundi alikuwa mcheshi. Kila alipoleta sare alipita dirishani kwangu.

“Wajina wangu hajambo?”

“Hajambo.”

“Mwambie asilichakaze jina, na mimi nalitumia.”

Nilipofika kwa dada nilimfikishia, naye akacheka mpaka akashika kifua. “Mwambie alifue kwanza, ndipo anirudishie.” Kwa miaka saba walisalimiana kupitia mdomo wangu na hawakuonana hata siku moja. Fundi aliniita mdogo wangu. Mdogo wa wajina wangu ni mdogo wangu, alikuwa akisema, na mimi nilimwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia dada.

Mfumo wa kompyuta ulitufikia wakati wa mvua, ndani ya maboksi yenye picha ya mwavuli. Walikuja nao vijana wanne wa kampuni fulani, na mkuu wao tulimwita Injinia kwa kuwa ndivyo alivyojiita kwenye simu. Siku ya kwanza nilivaa gauni langu zuri. Nilikuwa nimeandaa daftari la kuwaelezea rafu zote, namba zinavyokwenda, na mambo ya kuangalia. Neno pacha lilikuwa ukurasa wa kwanza.

Injinia hakulifungua daftari. “Mama, wewe pumzika,” akasema mbele ya wauguzi. “Kazi hii inataka watu wanaoelewa mfumo.”

Mtu mmoja akacheka, sikumjua nani. Nikapewa kiti karibu na mlango, na mkasi. Kazi yangu ikawa kukata kamba. Kamba zilezile nilizozifunga mwenyewe, fundo baada ya fundo, kwa miaka kumi na tisa.

Nilinuna. Nasema hivyo makusudi, maana lugha yetu ina maneno mengi ya kulifunika jambo hilo shuka safi: nilisononeka, nilivunjika moyo, nilijitenga. Hapana. Nilinuna kama mtoto aliyenyang’anywa kijiko. Wenye kununa hutamani jambo moja tu, wenzao waharibikiwe kidogo ili waje kuomba. Nilikaa mlangoni na mkasi wangu nikisubiri waharibikiwe.

Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, binti mmoja kati ya wale wanne aliinua faili juu. Ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wenzake, na ndiye pekee aliyekuwa akiniamkia.

“Jamani, hili neno ‘pacha’ ni la nini? Leo nimelikuta mara ya tano.”

Injinia hakugeuka. “Faili limejirudia. Mtu mmoja wamemfungulia mara mbili. Majina si yaleyale? Unganisha. Bakiza nene, jembamba weka kwenye boksi.”

“Lakini mama zao ni tofauti.”

“Jina la mama halina kisanduku kwenye mfumo. Unganisha, tuna mafaili elfu kumi na moja hapa.”

Binti hakuridhika. Akageuka kunitazama mimi, na macho yale nayakumbuka kuliko ya watu wengi niliowapenda.

“Eti mama, ndivyo?”

Najua muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani, kwa sababu nilikata kamba mbili ndani yake. Neno lilikuwa kinywani. Lingetoka kwa pumzi moja. Nilimtazama Injinia, mgongo wake, kiti changu walichokuwa wamekikalia.

“Nyinyi ndio wasomi,” nikasema.

Akasubiri kidogo. Kisha akaigeukia skrini, na nikasikia kitufe.

Jioni ile mvua ilinyesha mfululizo na mimi nikaenda kwa dada nikiwa nimelowa. Nilichukua kadi ngumu nikamwandikia kwa kalamu ya bluu: majina yake matatu, jina la mama yetu, ugonjwa, sindano na tarehe zake. “Ukienda kliniki, waonyeshe hii kwanza,” nikamwambia.

“Kuna nini?”

“Wanahamisha mafaili. Mambo ya vijana.”

Akaitia kadi kwenye pochi. Nikanywa chai yake, nikarudi nyumbani, nikalala usingizi mzuri. Nitasema kesho, nilijiambia. Kesho yake nikasema wiki ijayo, wakishakwama. Nilikuwa nimeshakizoea kiti cha mlangoni, na kuna utamu katika kuonewa ambao hakuna mtu anayeukiri.

Siku ya saba fundi alikuja na furushi la sare. Dirisha langu lilikuwa limefungwa, basi akazunguka mpaka mlangoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa cha maua, masalio ya gauni la mtu.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Wamekupa uaskari wa mlango siku hizi?” Akacheka, kisha akaona sura yangu akaacha. “Wajina wangu hajambo?”

“Hajambo. Kidole kimefanya nini?”

“Sindano ya cherehani imenila. Imepita kucha mpaka upande wa pili. Ikizidi nitakuja mnitazame.”

Nitakuja mnitazame. Nilisimama. Nakumbuka kwamba nilisimama, mkasi mkononi, na mbele yangu mwanamke aliyehitaji kadi moja tu ya rangi yoyote. Nyuma yangu Injinia akaita, “Mama, kamba huku!” Damu ikanipanda usoni kwa kuitwa vile mbele ya mgeni. Hasira ikapita mbele, fundi akabaki nyuma.

“Njoo mapema,” nikamwambia. “Foleni ni ndefu.”

Siku ya kumi na moja, saa ya chai, simu yangu ililia. Alikuwa dada, na alikuwa akicheka hata maneno hayatoki.

“Mdogo wangu, nimekufa.”

“Umefanyaje?”

“Nimekufa! Nimeletewa ujumbe kwenye simu yangu mwenyewe. Sikiliza. Ndugu wa marehemu fulani, majina yangu yote matatu, mnaombwa kufika hospitali kwa taratibu za kuuchukua mwili. Na mimi mkate bado uko mdomoni! Sasa nije nijichukue mwenyewe, au nitume mtu?” Akacheka tena. Kisha kicheko kikapungua. “Mbona kimya? Aliyekufa mimi, kunyamaza unyamaze wewe?”

Nilijua nani. Nilijua kwa nini, nilijua siku, nilijua saa, nilijua ni kitufe gani. Nikakaa chini sakafuni, juu ya kamba nilizozikata, na binti wa vidole vyepesi akaacha kuchapa.

Muuguzi aliyemchoma fundi sindano ndiye aliyenisimulia, siku mbili baadaye, uso umemvimba kwa kulia. Fundi alifika asubuhi mapema, kama nilivyomwambia. Mkono ulikuwa umejaa mpaka kwenye kiwiko. Kabla ya sindano alisema, kwa adabu yake yote, “Mwanangu, kuna sindano moja hunikataa. Jina silijui, ila imeandikwa kwenye faili langu.” Muuguzi akatazama skrini, akaitazama vizuri, hakupuuza. Skrini ikamwambia mwanamke huyu amechomwa penisilini mara sitini na moja bila shida yoyote.

“Hapa inaonyesha hii unaichoma kila mwezi, mama.”

Fundi akashangaa kidogo, kisha akakunja mkono wa gauni. “Haya. Nyinyi ndio mliosoma,” akasema.

Hakufika mlangoni.

Kulikuwa na kikao. Wakubwa watatu wa hospitali walikaa upande mmoja wa meza, nikaomba niingie bila kuitwa. Nikaeleza neno, nikaeleza penseli, nikaeleza jina la mama. Mganga mkuu alinisikiliza, kiganja shavuni.

“Vijana hawa walikuuliza maana yake?”

“Waliniuliza.”

“Ukawajibu nini?”

Nikawajibu vilevile nilivyojibu siku ile, maneno matatu, na kwa mara ya kwanza nikayasikia yanavyosikika. Mwandishi wa kikao aliinua kalamu, akasubiri, hakuandika. Katika taarifa waliweka “hitilafu ya mfumo”. Muuguzi alihamishiwa kituo cha mbali. Injinia na wenzake walipelekwa hospitali nyingine, isipokuwa binti, aliyeomba abaki. Mimi sikuguswa. Nilitaka mno kuguswa, nilikwenda kazini kila siku nikiisubiri barua, na barua haikuja.

Lakini mfumo ulihusika kwa lipi? Ulifanya ulichoambiwa na watu wanne na ukimya wa mmoja.

Wiki ile niliingia stoo nikalitafuta faili nene la dada. Nililiweka juu ya meza, nikatoa kifutio. Pembe ya jalada ilikuwa imelainika kwa kushikwa, na neno lilikuwa na mwandiko wa Bi Penseli, p yenye mkia mrefu. Unamfutia aliyebaki. Nilifuta polepole. Vumbi la kifutio nikalikusanya kiganjani na sikujua pa kulitupa.

Dada alikwenda mazishini. Alisimama nyuma kabisa, kwa aibu ya kuwa na jina lile mahali pale, na kila mhubiri alipolitaja alishtuka. Tulipokuwa tukirudi alifungua pochi akaitoa kadi. Akaisoma mbele na nyuma.

“Tarehe hii,” akasema. “Ulinipa kabla.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo ulijua.”

Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alisema tu, “Mimi ulinipa kadi,” akairudisha kwenye pochi na kufunga zipu. Tukatembea mpaka kwake. Bado ananipikia, bado ananiita mdogo wangu, lakini hajawahi tena kunituma salamu kwa mtu.

Ilibaki kazi ya kutenganisha wengine. Jozi themanini na nne. Nilikaa na binti yule mbele ya mashine moja, mimi na mafaili, yeye na kitufe, tukizifungua moja moja. Mmoja ana kisukari, mwenzake hana. Mmoja ana damu ya kundi hili, mwenzake ya kundi lile. Wote walikuwa wakitembea mitaani, wakinunua nyanya, bila kujua kwamba pale chumbani walikuwa mtu mmoja. Dada peke yake ndiye aliyetushinda. Mfumo ulikuwa na kitufe cha kufisha, cha kufufua haukuwa nacho. Ikabidi asajiliwe upya kama mtu aliyezaliwa wiki ile, asiye na sindano hata moja nyuma yake. Alipofika kliniki na kadi yake, wauguzi walitaniana, “Marehemu kaja,” naye akawachekea, na mimi nikatoka nje.

Ni katika siku zile binti alinionyesha mfumo kwa ndani. Alikuwa na subira. Kila mtu ana mstari wake, mama, na kila mstari lazima uwe na kitu kimoja ambacho mwingine yeyote hana.

“Na nani anaamua kitu hicho?” nikamuuliza.

“Aliyeuchora mfumo. Kwanza kabisa, kabla ya kompyuta yenyewe kufika.”

“Na visanduku?”

“Huyohuyo.”

Nikafikiri juu ya chumba hicho mahali fulani, chenye meza na watu, ambamo mtu alisema jina la mama halina haja, na wenzake wakaitikia. Hakuwa mtu mbaya. Hapakuwa na karani wa masijala karibu yake, basi.

“Ungesoma hii, mama, ungetupita,” binti akasema, bila kuniangalia. Kisha akaongeza, “Siku ile nilijua kwamba unajua. Ilinipasa nikuulize mara ya pili.”

“Ningekujibu vilevile,” nikamwambia, na ilikuwa kweli.

Hospitali ilinipa cheti cha shukrani kwa kutenganisha kumbukumbu. Kipo nyuma ya kabati, kimegeukia ukuta. Walinipa pia ruhusa ya mafunzo ya miezi sita ya utunzaji wa nyaraka, niwe mtu wa kupokea simu mpaka nistaafu. Nilikataa. Mume wangu alidhani nina homa.

“Kompyuta?” akasema. “Mke wangu, wewe redio ukiigusa inahama stesheni.”

Binti yetu, aliye mwaka wa pili chuoni, aliuliza kama nitakuwa nikikaa mbele au nyuma, ili ajue wapi asipite. Lakini ndiye aliyenifundisha hesabu za mtihani wa kujiunga kwa watu wazima, mezani, kila jioni, akiniita mwanafunzi mkaidi. Nilifeli mara ya kwanza. Mara ya pili nilipita kwa alama mbili. Dada nilimwambia wa mwisho. Alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kuzikunja.

“Unakwenda kunifufua mimi,” akauliza, “au yeye?”

Ninachojua ni kwamba naogopa. Nimeona jinsi jambo dogo linavyoingia mlangoni kwa upole, likaamkia, likakaa kwenye kiti.

“Mama?” Kijana wa udahili aliitazama saa ya ukutani. “Mstari mmoja tu unatosha. Andika ‘napenda teknolojia’. Wote huandika hivyo.”

Nikaandika: Nilijua maana ya neno nikanyamaza. Nataka niwemo chumbani visanduku vinapochorwa.

Aliisoma, midomo ikicheza, akaamua haimhusu. Akaanza kuliingiza jina langu, vidole vyepesi, macho kwenye skrini. Halafu akatabasamu.

“Ah, mama! Mbona umo tayari? Ulisajiliwa miaka mitatu iliyopita, ualimu. Ukaacha katikati.”

“Sijawahi kusoma hapa.”

“Majina ni haya haya, yote matatu.” Aliigeuza skrini kidogo nione. Nikajiona pale, mstari mmoja, jina langu, na nyuma yake maisha nisiyoyajua. “Watu husahau, wala usijali. Nakuunganisha tu, dakika moja.”

Nikaona mkono wake unaondoka kwenye herufi kwenda pembeni. Kidole kile kile cha shahada.

“Ondoa mkono!”

Foleni nzima iliinua vichwa kutoka kwenye simu. Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, na ilikuwa imechelewa miaka miwili. Kijana akaunyanyua mkono juu ya meza, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka.

“Mama, kuna nini?”

“Huyo ni mtu mwingine, mwanangu. Muulize kwanza jina la mama yake.”

“Nimuulize nani? Hayupo hapa.”

“Basi niulize mimi.”

Alitafuta mahali pa kuliandika. Alishuka kwenye skrini mpaka chini, akapanda mpaka juu, akashuka tena, kisanduku hakikuwapo. Mwishowe akaivuta fomu yangu ya karatasi, akapapasa mezani, akapata penseli.

“Haya, mama,” akasema. “Nitajie.”

Nikamtajia, naye akaliandika kwenye pembe.